Shamba Safi la Delmar Eilers

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ardith Eilers alikuwa hajafika hata kwenye kona ya kanisa, vioo vya gari amevipandisha kwa sababu ya baridi, na tayari kitu kikali kilikuwa kimempanda puani na kumtoa machozi. Mtu aliyezeekea Iowa katikati ya mahindi hahitaji kuambiwa hiyo ni nini. Ni amonia, ile mbolea ya gesi inayoburutwa barabarani kwenye matangi meupe na kudungwa ardhini kwa visu vya trekta kila Novemba, mpaka wilaya nzima inanuka choo. Majirani walikuwa wameshamaliza kudunga yao wiki iliyopita. Hii ya leo ilitokea upande wa kwake.

"Gaylen," alisema peke yake ndani ya gari. "Mshenzi wewe."

Maana hakuwa mwingine. Gaylen ni mdogo wake Delmar, mume wa Ardith, na mashamba yao yanapakana. Delmar alikuwa amelazwa hospitali mjini Des Moines, amepasuliwa kifua na kuunganishwa mishipa ya moyo, na leo ndiyo alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Ardith alikuwa ametangulia kuja kuwasha moto na kutandika kitanda. Mgonjwa angeletwa na mwana wao Reid, pamoja na Noemi, mke wa Reid.

Sasa kule kwao, mkulima akiugua wakati wa mavuno, haombi msaada. Akiomba anaonekana amepungukiwa. Majirani wanakuja wenyewe tu, asubuhi moja, kila mtu na kombaini yake ya kuvunia na trekta lake na lori lake, na kazi ambayo ingemchukua mwenyewe majuma inakwisha kabla ya jua kutua. Wake zao wanakuja na vyakula. Hakuna anayelipwa na hakuna anayekataa, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika. Ni desturi nzuri, nani aseme si nzuri. Ardith mwenyewe amekata mikate mingi ya siku kama hizo kwenye maboma ya wenzake.

Kwa hiyo Gaylen alipompigia simu hospitali kumwambia kwamba Jumamosi wanakwenda kumvunia kaka mahindi, Ardith alilia kidogo, akashukuru. Halafu akasema jambo moja.

"Mahindi tu, shemeji. Lile shamba la soya ubavuni mwa nyumba msiliguse. Tumeshavuna na tumepanda rai."

"Zile nyasi?"

"Zile nyasi. Msiziguse."

"Shemeji, wewe muuguze mwenzio. Ya huku tutayajua sisi."

Jibu lile lilikuwa na kona ndani yake, lakini mtu mwenye mgonjwa hasikii kona. Alikata simu akarudi kumpangusa mume wake jasho.

Aliingia njia ya nyumbani, akasimamisha gari katikati, hakuendelea. Mahindi yalikuwa yamekwisha yote, sawa, kama walivyoahidi. Lakini lile shamba la ubavuni, lililokuwa limeota rai mbichi, fupi, ya kijani, tangu kwenye ua mpaka kwenye mfereji, lilikuwa jeusi. Lilikuwa jeusi tupu mpaka chini ya dirisha la jikoni, limegeuzwa tumbo juu, udongo unang'aa kwa unyevu, mizizi myeupe imeachwa hewani kufa. Ndege weupe walikuwa wanarukaruka kwenye matuta wakichomoa minyoo. Katikati, trekta la mwisho lilikuwa bado linavuta tangi la gesi, na kila visu vilipoinuliwa kugeuza, wingu la amonia lilitoka na kuambaa chini chini kuelekea nyumbani. Kichefuchefu kilimshika Ardith, akafungua mlango akatema mate.

Msomaji asije akadhani mama huyu alikuwa analilia nyasi. Rai ni ndugu yake ngano, hawakuipanda waivune. Waliipanda kwa ajili ya kisima.

Miaka mitatu nyuma, Reid alimleta Noemi nyumbani kwa mara ya kwanza. Noemi ni binti wa mji wa kiwanda cha nguruwe, baba yake anakata nyama pale mpaka leo, na yeye mwenyewe anafanya kazi kliniki ya akina mama. Alikunywa glasi ya maji ya bomba, akauliza maji yanatoka wapi. Akaambiwa kisima cha uani, kifupi, alichochimba babu yake Delmar. Akaomba kuyapima. Ile karatasi ndogo aliyoichovya ikageuka rangi ya waridi iliyokolea, na majibu ya maabara yakaja kumi na tisa. Mwisho wa usalama ni kumi.

"Ni nitrati, mama," alimwambia Ardith, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. "Inatoka shambani. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa kwa maji haya, damu yake inashindwa kubeba hewa. Anakuwa wa bluu. Sikutishi, nakueleza tu."

"Delmar na Gaylen wamekulia maji haya haya."

"Na mimi nimekulia karibu na machinjio. Sitaki mwanangu akulie hapo."

Delmar akasema basi atanunua mashine ya kuchujia, ifungwe chini ya sinki. Noemi akamwuliza vipi kuhusu bafuni. Vipi kuhusu bomba la nje. Amwambie mtoto wa miaka mitatu, siku ya joto, asiguse bomba la nje? Reid alikuwa anataka kurudi kulima na baba yake, na mwana mwingine hawakuwa naye. Noemi akalisema wazi mbele ya wote, mezani: "Mimi sikatai shamba. Nakataa kisima."

Hapo ndipo Delmar aliposhangaza watu. Alikwenda kuuliza wanaojua, akarudi, akaliacha plau bandani. Alielezwa kwamba ukilima kipupwe, baada ya mavuno, unaamsha nitrojeni yote iliyolala kwenye udongo wakati hakuna mzizi hata mmoja wa kuila. Ukiongeza na gesi, umeongeza. Inakaa pale inangoja mvua za masika, na mvua zikija inateremka nazo, nyingine kwenye mabomba ya kutoa maji yaliyofukiwa chini ya shamba, yakaimwage mferejini, nyingine kisimani. Lakini ukiacha udongo umelala na juu yake ukapanda rai, ile mizizi inainywa yote na kuitunza mpaka mahindi yaote. Mbolea Delmar akawa anaiweka Juni, mahindi yakiwa yamefika gotini. Basi. Hakuna uchawi.

Na kisima kikashuka. Kumi na sita, kumi na mbili, na Septemba hii, tisa. Noemi alikuwa na mimba ya miezi mitano siku ile majibu yalipokuja. Aliyasoma mara mbili, akasema, "Haya, tunahamia." Ardith aliingia chumba cha kuhifadhia viazi akajifungia, akacheka peke yake huko.

Alicholipwa Delmar kwa hayo ni kejeli. Jumapili baada ya ibada watu wa pale hupanda pikapu zao wakazunguka taratibu barabarani kutazama mashamba ya wenzao, na shamba la kipupwe lisilokuwa jeusi kwao ni aibu, ni mtu aliyetoka nyumbani hajafunga zipu. Asubuhi kwenye kahawa ya chama cha ushirika walimpokea kwa maneno. "Delmar, shamba limeota ndevu, mkeo kakunyima wembe?" "Delmar, mbuzi utaleta lini?" Gaylen ndiye aliyekuwa anaongoza kicheko. Delmar alicheka nao, akanywa kahawa yake, akarudi. Ardith aliwahi kumwuliza kama yanamchoma, akajibu, "Aa, wazoee tu." Mama wa watu akaamini ameolewa na jabali.

Sasa Gaylen alikuwa anakuja kwa miguu kupitia ua, kofia nyuma, shavu limevimba tumbaku, mkononi chupa ya soda aliyokuwa akitemea. Ile chupa ilikuwa imefika nusu, maji ya kahawia yanacheza ndani. Alikuwa anatembea nayo kila mahali, mpaka kanisani, na Ardith kwa miaka yote hakuwahi kuizoea.

"Shemeji, karibu nyumbani. Umeona mambo?"

"Nilikwambia usiliguse."

"Uliniambia." Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Ardith maini. "Lakini ulikuwa na mawazo ya mgonjwa. Vijana walishafika na plau zao, gesi ilikuwa imebaki, tukasema tusimwachie kaka kiporo. Anatoka kupasuliwa moyo, aje akute kichaka? Hii ni zawadi. Hata gesi ni juu yetu."

"Kisima kilikuwa kimefika tisa, Gaylen. Unajua maana yake. Reid alikwambia kwa mdomo wake."

"Kisima." Alitema. Uzi wa mate ulibaki ukining'inia kwenye mdomo wa chupa, akaukata kwa kidole gumba na kukipangusa kwenye suruali. "Baba yetu alikunywa maji yale miaka themanini."

"Baba yenu alikufa na sabini na moja."

"Basi sabini na moja. Hakuwa wa bluu." Akacheka. "Shemeji, usinikasirikie siku ya furaha. Watu wametoka usiku kwao kwa ajili yenu. Kuna watu ishirini pale bandani wanangoja kusikia asante. Hebu futa uso."

Akampiga bega kwa mkono ule ule. Ardith alilitazama koti lake mahali pale, akalivua, akalitupa ndani ya gari, akaenda bandani na sweta tu kwenye baridi ile. Afanye nini? Nusu ya wale wanaume hawakujua habari ya kisima. Walikuwa wameambiwa na Gaylen wamalizie shamba la kaka yake, wakamalizia, kwa moyo mweupe kabisa. Ukimtukana mtu wa namna hiyo wewe ndiye mwendawazimu. Akawashika mikono mmoja mmoja. Mikono ilinuka amonia na dizeli. Kila mmoja alisema hamna neno, mama, ni kawaida yetu, na kila mmoja alipomaliza kusema, Ardith aliitoa asante kwa nguvu.

Meza zilikuwa zimepangwa katika banda la matrekta. Kulikuwa na mikate yenye nyama ya nguruwe, viazi vilivyorojeka kwa mayonezi, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo hakuna msiba wala sherehe ya watu hawa inakwenda bila kuwepo, inatetemeka tu. LaVonne, mke wa Gaylen, alikuwa anajaza birika kubwa la kahawa kutoka kwenye madumu aliyokuja nayo. Ardith akamwambia asijitese, bomba si lile pale.

"Aa, mwenzangu, acha tu. Nimekuja na ya kwangu."

"Kwa nini?"

LaVonne aliangalia kushoto na kulia, si kwa hofu, kwa adabu tu, kama mtu anayetaka kutaja kufunga choo. "Si unajua visima vyetu hivi. Sisi tuna ile mashine chini ya sinki. Tangu mjukuu wa kwanza."

"Gaylen anajua?"

"Gaylen ndiye aliyeifunga. Alilala chali jikoni siku nzima anatukana." LaVonne akacheka kwa mapenzi. "Karibu wote hapa wanazo. Hata mchungaji. Nilidhani na nyie mnayo. Ni mambo ya ndani tu, mtu hatangazi."

Ardith alibaki ameshika kifuniko cha birika. Aliwatazama wale watu wakila. Wanajua. Hawa si wajinga, Mungu wangu, angalau wangekuwa wajinga. Wanajua yaliyomo ardhini mwao mpaka wamejifungia mashine za kuyachuja, wajukuu wao hawagusi tone, halafu wanatoka nje wanapanda matrekta na kuyatia tena, na mtu mmoja akijaribu kuacha wanamwuliza atanunua lini mbuzi. Mayonezi yalikuwa yamemkauka mmoja wao kwenye ndevu. Gaylen alikuwa anatafuna upande mmoja wa mdomo kwa sababu upande wa pili alikuwa bado na tumbaku. Kinyaa kilimpanda Ardith, kinyaa cha kweli.

"Shemeji," aliita, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ile mashine chini ya sinki lako inachuja nini?"

Gaylen alimtazama mke wake, mke wake akatazama madumu.

"Chuma," alisema Gaylen. "Maji yetu yana chuma."

"Chuma."

"Yanachafua nguo."

Mzee mmoja mwishoni mwa meza akakohoa, akaomba apitishiwe matango ya siki. Mwingine akasema mvua ya wiki ijayo huenda ikawa theluji. Walikuwa wanamsitiri mwenzao kwa ustadi wa watu waliositiriana miaka mingi, na ndani ya dakika chache meza yote ilikuwa inazungumza habari ya theluji. Halafu mtu akaingia akasema gari linakuja.

Walitoka wote. Walikuwa wameyapanga matrekta na kombaini kandokando ya njia, pande zote mbili, taa zimewashwa mchana kweupe, na wanaume wakasimama mbele ya mashine zao, kofia mikononi. Gari la Reid likapita katikati taratibu. Nyuma kwenye pikapu kulikuwa na mabegi, na kitanda cha mtoto kilichofunguliwa vipande vipande, kimefunikwa turubai. Delmar alishuka amekumbatia mto kifuani kama alivyofundishwa hospitali, amekonda, ngozi ya shingo imelegea. Alitazama mashine. Alitazama mahindi yaliyovunwa. Halafu akaligeukia shamba la ubavuni, lile jeusi, akalitazama kwa muda mrefu, na machozi yakaanza kumtoka.

Yalimtoka bila sauti, yakashuka mashavuni mpaka kwenye mto. Ardith alimwahi, akamshika mkono, akamminya kwa nguvu zake zote. Alitaka ajue kwamba wako wawili. Miaka mitatu ya kuchekwa, na sasa hii, na mbele ya watu, na hawezi hata kusema. Delmar naye alimminya mkono. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Ardith kuhisi hayuko peke yake.

"Sina la kusema," Delmar aliwaambia watu. "Jamani, sina la kusema."

"Usiseme," alisema Gaylen, naye macho yamelowa, akamkumbatia kaka yake kwa uangalifu, mto katikati yao. Watu wakapiga makofi. Mtu akapiga picha.

Noemi alikuwa ameshuka upande wa pili, tumbo mbele, kiganja kimefunika pua. Hakuwa anaangalia watu.

"Mama, rai iko wapi?"

"Wameilima."

"Na hii harufu?"

"Wameweka na gesi."

Noemi alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani. Ardith angependelea atukane.

Majirani waliondoka mmoja mmoja wakipiga honi. Delmar alikalishwa kwenye kiti chake jikoni, karibu na dirisha, blanketi magotini. Reid alipandisha vipande vya kitanda kile chumba cha juu akaanza kukiunga, maana ndivyo walivyopanga na hakuna aliyemwambia vingine. Nyundo yake ilikuwa inasikika. Noemi alivuta kiti akakaa mbele ya baba mkwe wake, magoti yao karibu yanagusana.

"Baba, umechoka, najua. Nina swali moja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Mwaka huu umeshaharibika. Masika kisima kitapanda, hatuwezi kukizuia. Mimi naweza kungoja. Tutapanga mjini, nitajifungulia huko, tutakuja Jumapili, Reid atakuja kulima kila siku. Kilishuka mara moja, kitashuka tena. Ila nataka neno lako. Kwamba kipupwe kijacho utapanda tena rai, na kwamba utamwambia baba mdogo Gaylen asikanyage hapa na plau lake. Umwambie wewe, si mama."

Ardith alikuwa anamenya viazi kwenye sinki. Aliacha kumenya. Moyo ulimtulia, kwa kweli, maana binti alikuwa ameomba kidogo sana kuliko alivyoogopa. Neno tu. Na mtu wa kulitoa alikuwa ametoka kulia mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya rai ile. Aligeuka amtazame akilitoa.

Delmar alikuwa anaangalia nje.

"Tutaona," alisema.

"Tutaona nini, baba?"

"Tutaona tu. Watu wamejitoa, Noemi. Siwezi kumfuata Gaylen kumwambia maneno kama hayo, baada ya siku kama ya leo." Alipangusa macho kwa kona ya blanketi, na uso wake ukaanza kulainika, ukawa uso wa kijana. "Lakini jamani, semeni kweli. Si limependeza?"

"Nini?" aliuliza Ardith.

"Shamba. Hebu angalia mistari ile ilivyonyooka. Gaylen ana mkono, huwezi kumnyima. Miaka mitatu sijaliona likiwa safi." Alicheka kidogo, kwa haya. "Pale njiani nilishindwa kujizuia. Mbele za watu."

Ardith aliweka kisu chini.

"Ulikuwa unalia kwa furaha."

"Sasa ningelia kwa nini, Ardith?"

Alikuwa anamwuliza kweli. Hakuwa na hila usoni, alikuwa mzee mgonjwa mwenye furaha, dirisha mbele yake limejaa weusi. Ardith aliutazama mkono wake mwenyewe uliomminya njiani mpaka vidole vikauma, akaupeleka chini ya bomba kuunawa, halafu akakumbuka maji yanatoka wapi akafunga. Kumbe miaka mitatu yote alikuwa anaona aibu. Kila asubuhi alipokunywa kahawa dirishani alikuwa anayatazama yale majani kama mtu anayevaa nguo za kuazimwa, akingoja mtu mwingine aje amvue, asije akalaumiwa yeye. Na Gaylen, ambaye haelewi kitu, hilo alilielewa.

Noemi aliinuka kwa kushika meza. Alikwenda mpaka chini ya ngazi.

"Reid," aliita. "Usikiunge."

Nyundo ikanyamaza. Reid akachungulia kutoka juu ya ngazi, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake. Akarudi ndani na wakasikia skrubu zikianza kufunguliwa.

"Kuna nini?" alisema Delmar. "Noemi, mwanangu, nimesema tutaona. Sijakataa."

Ardith alijifuta mikono. Walikuwa wameoana tangu akiwa msichana wa miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote aliwahi kumwita mbishi, mchoyo, mjinga mara moja au mbili. Neno hili hakuwahi kulitumia.

"Delmar," alisema, "unanitia kinyaa."

Alilisema taratibu, bila hasira, ili asije akafikiri ni uchovu. Kisha akapanda ngazi. Reid alikuwa amekwishatoa miguu ya kitanda. Ardith akamwambia ashike upande ule wa chini, yeye atashika huu, wakaanza kuteremka nacho polepole, yeye akirudi kinyumenyume. Walipofika jikoni Delmar alikuwa amegeuka kutoka dirishani, amenyoosha kiganja chenye vidonge viwili vyeupe vya saa kumi.

"Ardith, naomba maji ya dawa."

"Bomba hilo hapo," alisema Ardith, akausukuma mlango kwa kiuno, wakatoa kitanda nje.